Picha ya mfalme wa Inka anayemuuliza Mhispania kama wanakula dhahabu, imetoka kitabu gani na je tukio ni la kweli?

kijana_wa_ramani

Habari zenu wakuu, naomba kuelimishwa na wenye ujuzi wa historia ya Amerika ya Kusini.

Kuna picha inazunguka sana kwenye magrupu ya historia, imechorwa kwa wino mweusi tu, mfalme wa Inka kavaa mavazi yake ya kifalme, mbele yake kuna Mhispania mwenye ndevu, katikati yao kuna chombo cha dhahabu, alafu maneno yao yameandikwa humohumo ndani ya mchoro kama katuni. Waliopost wanasema mfalme anauliza "hii dhahabu ndiyo mnayokula?" na mgeni anajibu ndiyo, ndiyo tunayokula. Aisee iliniingia moyoni, nimeisoma kozi nzima ya ukoloni chuoni lakini sikuwahi kuona mtu anausema kwa mstari mmoja namna ile.

Sasa nimejaribu kufuatilia imetoka wapi, mmoja anasema ni kitabu cha 1615 kilichoandikwa na mwenyeji wa Peru mwenyewe na eti kiko Denmark (Denmark tena, sio Hispania wala Peru?), mwingine anasema ni kazi ya msanii wa juzijuzi. Ningependa kujua ukweli ni upi, kitabu chenyewe ni kipi, kama mtu wa kawaida anaweza kukiona chote bila kulipa, na je hayo mazungumzo yalitokea kweli au la, maana nataka kuitumia picha kwenye somo ninalofundisha na sitaki kuwapa wanafunzi kitu cha uongo. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_nyaraka

Mkuu karibu, umegusa kitabu ninachokipenda kuliko vyote vya zama zile, kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Ni kweli ni cha 1615 na ni kweli kiliandikwa na mwenyeji. Anaitwa Felipe Guaman Poma de Ayala, mtu wa Lucanas na Huamanga huko milimani Peru, Huamanga ndiyo mji wa Ayacucho wa leo. Kitabu kinaitwa El primer nueva corónica y buen gobierno. Kina kurasa 1,189 na kati ya hizo 398 ni michoro ya ukurasa mzima, yote kaichora mwenyewe. Na wala sio kwamba kilichapwa nakala chache zikapotea, hapana, kiko kimoja tu duniani, karatasi alizoandika kwa mkono wake. Inaonekana wazi alitamani kichapwe maana kaweka ukurasa wa jina, dibaji kwa wasomaji, vichwa vya kurasa, yaliyomo, mpaka lile neno dogo la pembeni chini kabisa linalokuonyesha ukurasa unaofuata unaanza na neno gani, kama wachapaji wa wakati ule walivyokuwa wanafanya. Hakikuchapwa akiwa hai.

Kingine cha kujua ni kwamba kile kitabu chote ni malalamiko kwa mfalme. Kamwandikia Felipe wa 3 wa Hispania, na ipo pia barua fupi ya tarehe 14 Februari 1615 aliyoiandika akiwa Santiago de Chipao kumwambia mfalme kwamba kazi imekamilika. Sehemu ya kwanza inahadithia Andes kabla ya wageni, wafalme wa Inka mmoja mmoja na malkia zao, sheria, sikukuu, mazishi, kisha uvamizi wenyewe. Sehemu ya pili, ambayo ndiyo nene na ndiyo inayouma, ni utawala wa kikoloni, padri mmoja mmoja, mkuu wa wilaya, hakimu, karani, mwenye nyumba ya wageni barabarani, wote kawachora wakifanya walichokuwa wanafanya. Lugha ni Kihispania kilichochanganyika na Kikechua kingi, yaani lugha ya Wainka, na kuna maneno anayorudia kila akimaliza kueleza dhuluma moja, kwamba na hakuna dawa. Unasoma kurasa kumi unayakuta, unasoma kumi nyingine unayakuta tena.

Denmark kilifikaje? Wataalamu wengi wanaona kilinunuliwa Hispania na Cornelius Lerche aliyekuwa balozi wa Denmark kule miaka ya 1650 na mwanzoni mwa 1660, kikaingia maktaba ya mfalme Copenhagen kikakaa humo kimya zaidi ya miaka 200. Mwaka 1908 Mjerumani mmoja, Richard Pietschmann, mkuu wa maktaba ya Göttingen, akakikuta na kuutangazia ulimwengu wa wasomi. Picha za kurasa zote zilichapwa Paris 1936 chini ya Paul Rivet. Tangu 2001 chote kiko kwenye tovuti ya Maktaba ya Kifalme ya Denmark, bure, ukurasa kwa ukurasa, unaweza kuvuta mpaka ukaona kalamu ilivyokwaruza. Tafuta tu Guaman Poma pamoja na kb.dk. UNESCO wamekiweka kwenye orodha yao ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007.

Kisa_na_Mkasa

Mzee maelezo mazuri ila swali la muhimu kuliko yote hujalijibu, kauliza tukio lilitokea au la. Mimi nasema halikutokea na haliwezi kuwa lilitokea. Mfalme aliyechorwa pale ni Huayna Capac na Mhispania ni Pedro de Candia, na chini ya mchoro pameandikwa ni Cuzco, mji mkuu wa Inka. Candia (ambaye hata Mhispania wa kuzaliwa si, ni Mgiriki wa Krete aliyekuwa na Pizarro, kiongozi wa Wahispania waliovamia Peru) alishuka Tumbes, pwani ya kaskazini, 1528. Huayna Capac wakati huo kwa hesabu ya wengi alikuwa ameshafariki, alifia kaskazini upande wa Quito ndani ya miaka hiyohiyo kabla hata Pizarro hajarudi na jeshi, na wengi wanasema ni ugonjwa uliotangulia wageni wenyewe. Hao watu wawili hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Alafu mchoraji kachora miaka zaidi ya 80 baadaye. Sasa hiyo ni historia gani? Tunawalaumu wakoloni kwa kubuni mambo, na huyu tumwachie?

mzee_wa_nyaraka

Upo sahihi kabisa kuhusu Candia na Huayna Capac, na kijana_wa_ramani lazima aliseme hilo darasani bila kuficha. Lakini hapo ndipo kazi ya kukisoma inapoanza.

Chukua picha mbili uziweke pamoja. Ya kwanza ni kifo cha Atahualpa, mfalme wa Inka aliyeuawa na Wahispania, Cajamarca 1533. Kwenye mchoro amelazwa, ameshika msalaba mkononi, Wahispania wamemshika, mmoja anamkata shingo. Sasa Atahualpa hakukatwa kichwa, alinyongwa, Wahispania waliokuwepo wameandika hivyo na hakuna anayebisha. Ya pili ni kifo cha Túpac Amaru, Inka wa mwisho, Cuzco 1572, kwa amri ya gavana mkuu Francisco de Toledo. Huyu kweli alikatwa kichwa hadharani. Angalia mchoro, ni mlemle, amelazwa vilevile, wamemshika vilevile, tofauti ni kwamba hapa chini yake kuna kundi la watu wa Cuzco wanalia. Yaani mchoraji kachukua kifo cha 1572 ambacho watu wa rika lake walikiona au kusimuliwa na waliokiona, akakirudisha nyuma kwa Atahualpa, vifo viwili vikawa kitu kimoja. Na sio yeye peke yake, vijijini Andes simulizi za Inka aliyekatwa kichwa ambaye mwili wake unajiunga taratibu chini ya ardhi ziliendelea kusimuliwa mpaka karne ya 20. Ukitaka kujua Atahualpa aliuawaje soma ripoti za Wahispania. Ukitaka kujua kifo chake kilikuwa kinakaaje vichwani mwa watu wa Peru mwaka 1615, hakuna ripoti ya Mhispania itakayokusaidia.

Na kuna sababu ya kisheria pia, hii watu wengi hawaioni. Guaman Poma anadai baba yake alitumwa na Inka Huáscar kwenda Tumbes kumpokea Pizarro kwa amani, na kamchora pale akisalimiana na wageni. Kwa nini anasisitiza? Kwa sababu kwa sheria za Hispania za wakati ule ardhi ikitwaliwa kwa vita ya haki ni halali ya mshindi. Kama sisi tuliwapokea kwa amani basi hakukuwa na vita, kama hakukuwa na vita hakuna ushindi, na kama hakuna ushindi hawa waliogawiwa vijiji vyetu wavitoze kodi na kazi wanavikalia kwa haki ipi? Hoja ya wakili hiyo. Kila mchoro wa zamani umewekwa kwa ajili ya kesi ya sasa.

Ndio maana kuna mchoro amejichora mwenyewe amepiga goti mbele ya Felipe wa 3, kitabu mkononi, mfalme anauliza maswali na yeye anajibu. Hicho nacho hakikutokea, hakuwahi kuvuka bahari. Lakini kurasa zinazofuata ni mapendekezo ya kweli, nini kifanyike watu wasiishe, nani aondolewe, kodi ipunguzwe wapi, machimbo ya zebaki ya Huancavelica yawe vipi maana watu walikuwa wanarudi kwao na mapafu yameshaoza.

bint_hesabu

Shikamoo mzee_wa_nyaraka na habari zenu wengine. Mimi ni mwalimu wa hesabu na nakijua hiki kitabu kwa mlango mwingine kabisa.

Kuna ukurasa wenye mhasibu mkuu wa dola ya Inka. Amesimama ameinyoosha khipu kwa mikono miwili, ile kamba moja nene yenye kamba nyingi nyembamba zinazoning'inia, zenye mafundo, ambayo ndiyo ilikuwa daftari lao la hesabu. Watu wote wanaangalia khipu. Sasa shusha macho kona ya chini, kuna kibao kama cha bao, safu tano kwenda juu na vyumba vinne kila safu, na ndani ya vyumba kuna viduara, safu nzima inasomeka tano, tatu, mbili, moja, vingine vimejazwa wino vingine vimeachwa wazi. Hiyo ndiyo yupana, kikokotoo chao. Unahesabu kwenye kibao kwa punje, ukimaliza unafunga jibu kwenye fundo la khipu. Yeye hajaeleza kinavyofanya kazi, kachora tu akaendelea na mambo yake, na wanahesabu wanabishana juu ya kile kibao tangu karne iliyopita, kwa nini tano tatu mbili moja, kila chumba kina thamani gani. Nimewapa wanafunzi wangu wakiangalie na kila kundi lilikuja na mfumo wake, na mifumo zaidi ya mmoja inakubali kabisa.

Kwa hiyo kaka Kisa_na_Mkasa, hata kama umemkatalia kwenye wafalme, kwenye vitu vya mikononi huyu mtu ni shahidi wa ajabu. Kuna miezi 12 ya kilimo, mwezi wa Agosti wanaume wamejipanga wanalima kwa jembe la kukanyaga kwa mguu na wanawake wamepiga magoti mbele yao wanageuza udongo, kuna namna ya kufukuza ndege shambani, kuna ghala, kuna madaraja ya kamba. Hivyo hakuwa na haja ya kuvibuni, alivikuta na vingine bado vilikuwa vinatumika.

msomaji_254

Mko poa sana watu wangu. Nimefungua hiyo tovuti sasa hivi na nimeshinda nikipekua tu. Swali, nimeona kurasa za watu weusi huko ndani, mwanamume na mwanamke wamepiga magoti wanasali rozari mbele ya picha ya Bikira Maria, alafu mbele kidogo kuna mwingine anapigwa na bwana wake. Hao ni Waafrika wa wapi na huyu jamaa alikuwa anawaonaje? Maana kwa shule tulifundishwa habari za utumwa Brazil na Karibi, Peru hatukuambiwa kitu.

mzee_wa_nyaraka

Swali zuri sana mkuu. Wengi wa waliopelekwa Peru wakati ule walitoka Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola, walipitia Cartagena na Panama ndipo wakashushwa Lima. Yeye anawaita watu wa Guinea, kama Wahispania walivyokuwa wanasema.

Alivyowaona ni mchanganyiko na lazima tuseme yote mawili. Waliotoka Afrika moja kwa moja anawasifu, anasema ni waaminifu na wacha Mungu kuliko mabwana zao, na ule mchoro wa mtu anayepigwa kichwa chake cha habari kinasifu uvumilivu wake na kumtukana bwana wake waziwazi. Lakini waliozaliwa kulekule Peru anawasema vibaya, anadai wamejifunza tabia za Wahispania, wezi na waongo, na machotara anawachukia wazi kabisa. Anachotaka ni kila watu wakae kwao, Wahispania na Weusi na machotara mijini, vijiji vibaki vya wenyeji. Hofu yake ilikuwa ya watu kuisha, lakini maneno yake mengine juu ya machotara ukiyasoma leo yanauma na mimi siyatetei.

Ila kuna pendekezo moja ambalo kila Mwafrika anapaswa kulijua. Anamwambia mfalme autawale ulimwengu kama Inka alivyotawala, pande nne na kiongozi katikati. Upande wa Amerika ashike mwanawe yeye Guaman Poma, upande mwingine mwana wa mfalme wa Guinea, mwingine mfalme wa Wakristo wa Roma, mwingine mfalme wa Waislamu wa Uturuki, na Felipe akae katikati. Mwaka 1615 huo, meli za watumwa zinatia nanga Lima, na huyu mzee anamweka mfalme Mwafrika sawasawa na mtu wa Roma. Ramani yake ya dunia ina mpangilio huohuo, Cuzco katikati, jua na mwezi juu, bahari imejaa samaki wa kutisha na merikebu, na pande nne zinaanzia kwenye mji wa Inka.

fundi_cherehani

Mmemaliza mambo makubwa ila hamjataja habari ya yule padri Martín de Murúa na mimi hiyo ndiyo iliyonifanya niamini kwamba huyu bwana alikuwa anaandika kwa hasira ya kweli.

Murúa alikuwa mtawa wa shirika la Mercedari, na yeye alikuwa anaandika historia yake ya Inka yenye picha za rangi. Guaman Poma alimfanyia kazi kama mchoraji, hati ya mwanzo ya Murúa ya miaka ya 1590 ina michoro mingi ya mkono wake, na ile ya pili ya 1616 iko leo kwenye makumbusho ya Getty, Los Angeles. Baadaye walikosana. Sasa fungua kitabu cha Guaman Poma sehemu ya mapadri, utakuta padri kamchora na jina kamwandikia kabisa, Murúa, anampiga mwanamke anayefuma, na teke juu. Mwanamke yuko kwenye kazi yake ya kufuma. Maelezo yake ni kwamba mapadri walikuwa wanawakusanya wanawake na kuwalazimisha wafume nguo za kuuza, bila malipo. Mimi nimekulia kwenye kazi ya nguo, ile picha siwezi kuipita haraka.

Na yeye mwenyewe alishaonja mkono wa serikali. Alikuwa mkalimani wa mapadri waliokuwa wanazunguka vijijini kuvunja mizimu, kwa hiyo alijua mfumo kwa ndani. Baadaye akaingia kwenye kesi ya ardhi ya familia yake bonde la Chupas karibu na Huamanga, na mwaka 1600 akashindwa, akahukumiwa viboko 200 na kufukuzwa mjini miaka miwili, eti anajifanya chifu wakati ni mtu wa kawaida. Ndani ya kitabu hasemi neno juu ya hukumu hiyo. Anajiita mkuu na mwana wa wakuu, na anaendelea kuandika.

Kisa_na_Mkasa

Hiyo ya viboko 200 sikuijua. Basi inabadilisha hata namna ya kuuangalia ule mchoro wa wanyama sita ambao nimeuona sasa hivi, mwenyeji amepiga goti katikati anaomba, amezungukwa, mkuu wa wilaya ni joka, aliyegawiwa vijiji avitoze kodi ni simba, Wahispania wa nyumba za wageni ni chui, padri ni mbweha, karani ni paka, na panya ni chifu wa kwao wenyewe. Kwa mtu aliyekuwa anajiita chifu, kuwachora machifu wenzake kama panya wanaoitafuna ghala ni jambo zito. Bado nasema mtu asiiweke picha ya dhahabu kama ushahidi wa mazungumzo. Lakini kama ushahidi wa mashtaka naikubali.

kijana_wa_ramani

Wakuu nawashukuru sana sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimeamua somo litakuwa hivi, nitawaonyesha picha ya dhahabu kwanza bila maelezo, alafu nitawapa miaka ya Huayna Capac na Candia waone wenyewe kwamba haiwezekani, kisha nitawauliza kwa nini mtu achore kitu asichoweza kuwa amekiona na amtumie mfalme. Nikimaliza hapo ndio vifo viwili vya Inka, na mwisho mchoro wa Potosí, mji wa machimbo ya fedha.

Swali la mwisho la kiufundi, mbona kila sehemu wanataja namba mbili za ukurasa, picha ya dhahabu wanaandika 369 alafu 371 kwenye mabano ya mraba? Na tafsiri ipo ya lugha tunayoweza kuisoma?

mzee_wa_nyaraka

Namba ya kwanza ni aliyoandika yeye juu ya ukurasa, ila alikuwa anaongeza karatasi katikati na kuruka namba, hesabu ikahama. Ya kwenye mabano ni hesabu iliyosahihishwa na wahariri. Kwenye tovuti fuata hiyo ya mabano.

Tafsiri ya Kiingereza ya vipande vilivyochaguliwa ilitoka 2006, kazi ya David Frye, inatosha kwa darasa. Ya Roland Hamilton ya 2009 ni sehemu ya kwanza, yaani historia ya Inka. Ukijua Kihispania tumia matini ya kwenye tovuti, imetokana na toleo la John Murra na Rolena Adorno la 1980 na maneno ya Kikechua yametafsiriwa humo. Hakuna haja ya kununua chochote.

Kwa Potosí, ukiifungua usiangalie mlima tu. Juu ya mji kamweka Inka na wakuu wanne wa pande zake nne, ndio wanaoshikilia nguzo na ngao ya mfalme wa Hispania, na maandishi yanasema kwa machimbo hayo Castilla (yaani Hispania) ni Castilla, Roma ni Roma na Papa ni Papa. Wape wanafunzi waseme mzigo uko mikononi mwa nani.